Maamkio ya Kalasinga na Maana Yake

Hapana mji mkubwa katika Kenya wala Uganda ambao watu wake hawamjui Kalasinga. Yule mtu mwenye kilemba kilichofungwa vizuri, ndevu zisizoguswa na wembe, na bangili ya chuma mkononi, amekaa nasi zaidi ya miaka 120. Babu zetu walimjua kuwa seremala, mwashi, mhunzi na fundi wa magari, na kazi yake ikasifiwa hata ikawa kama methali. Walakini ni wachache kati yetu wajuao asemalo anapokutana na mwenzake njiani. Hukutanisha viganja mbele ya kifua, huinamisha kichwa kidogo, hutamka neno ambalo masikioni mwetu lasikika kama “sasrikal”, kisha mazungumzo huanza. Wanafunzi wengine hulitamka neno hilo kwa mzaha tu wapitapo mbele ya duka. Nadhani wangelijua lilikotoka wangelitamka kwa namna nyingine.

Kwanza tuanze na jina la watu wenyewe. “Kalasinga” ni neno letu, si lao. Wengi husema kwamba lilitokana na mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Kala Singh, ambaye zamani za mwanzo wa mji wa Nairobi alikuwa akienda kuuza na kununua katika nchi ya Wamasai, hata kila mtu wa kabila lake aliyefuata akaitwa kwa jina lake. Wenyewe hujiita Sikh, na neno hilo katika lugha yao ya Kipunjabi maana yake ni mwanafunzi. Mwalimu wao wa kwanza alikuwa Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 karibu na Lahore, mahali ambapo sasa ni katika nchi ya Pakistan, akafa mwaka 1539. Baada yake walifuata walimu wengine tisa, na wa kumi katika hesabu yote ndiye Guru Gobind Singh, ambaye tutamtaja sana hapa chini.

Huku kwetu wengi wao walikuja kwa ajili ya reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901. Walikuja mafundi, na askari, na polisi, wakaja na maamkio yao.

Sasa neno lenyewe. Likitamkwa polepole ni “Sat Sri Akal”, maneno matatu. “Sat” ni kweli. “Sri” ni neno la heshima liwekwalo mbele ya jina la mkubwa. “Akal” ndilo lenye uzito: “kal” ni wakati, na pia ni mauti, kwa kuwa wakati ndio utuuao sote, na ile “a” ya mwanzo hukanusha. Basi Akal ni Yeye asiyeshikwa na wakati, asiyezaliwa wala asiyekufa, yaani Mwenyezi Mungu. Maamkio yote kwa jumla ni kama kusema: “Kweli ni Yule wa Milele.” Mwenzake hamjibu “sijambo” wala “marahaba”, bali humrudishia maneno yale yale, “Sat Sri Akal”. Asubuhi ni hayo, jioni ni hayo, na watu wakiagana ni hayo hayo. Hawana haja ya kutazama jua kama Mwingereza, aliye na salamu moja ya asubuhi, nyingine ya mchana na nyingine ya jioni.

Wakisha kusema hivyo huulizana hali, na hapa msomaji wa Kiswahili asishangae akisikia maneno anayoyajua. Mpunjabi huuliza, “Ki hal hai?” Hiyo “hal” ni hali yetu yenyewe, iliyotoka katika Kiarabu ikapita njia mbili, moja kwa majahazi mpaka pwani yetu, na moja kupitia Kiajemi mpaka Punjab. Habari nako huitwa “khabar”. Bendera ya njano au ya buluu uionayo juu ya mlingoti mrefu penye hekalu lao huitwa “Nishan”, nasi tuna nishani. Laki moja kwao ni “lakh”. Mzee wa heshima ni “Baba”, na mwanamke wa heshima ni “Bibi”. Walakini tahadhari na neno “Singh”, ambalo ni jina la kila mwanamume aliyeingizwa rasmi katika dini yao: maana yake ni simba, tena lafanana na neno simba, lakini hayo mawili hayana udugu wowote. Simba wetu ni Mbantu halisi. Hata hivyo watu wa Kenya walipata bahati njema walipompa marehemu Joginder Singh, aliyeshinda mashindano ya magari ya Safari miaka ya 1965, 1974 na 1976, jina la “Simba wa Safari”. Sijui ni wangapi waliojua kwamba walikuwa wakimwita Simba mara mbili.

Kuna amkio jingine, la nyumbani, nalo latuhusu sisi zaidi kuliko yote. Mtoto wa Kipunjabi akimwendea babu yake, au bibi-arusi akimwendea mama mkwe, huinama mpaka chini akagusa miguu, au hufanya ishara ya kuigusa, akisema “pairi pauna”, maana yake “naanguka miguuni pako”. Mzee humgusa kichwani, humjibu kwa baraka: “Uishi”, au “Uishi zama na zama.” Sasa ebu tulikumbuke neno shikamoo. Walimu wetu wa Kiswahili hutuambia latokana na “nashika miguu yako”, na hapo zamani mdogo au mtumwa aliishika kweli. Watu wawili wasiojuana, mmoja katika bonde la mito mitano huko Punjab na mmoja katika mwambao wa Waswahili, walipotaka kumheshimu mkubwa waliwaza jambo moja. Wote wawili walitazama miguu.

Lakini angalia jinsi salamu hii ilivyo. Mmoja yuko chini, mmoja yuko juu. Asemalo wa chini hawezi kulisema wa juu. Mkubwa hawezi kumjibu mtoto “shikamoo”. Baina ya babu na mjukuu jambo hili ni jema, tena latamu, wala Wasikh hawakuliacha mpaka leo. Ila katika nchi ya Bara Hindi ya zamani habari haikuishia kwa babu na mjukuu. Watu walikuwa wamegawanywa kwa jadi, huyu wa jadi ya juu, huyu wa jadi ya chini, na kinyozi mwenye mvi angeweza kuinama mbele ya kijana ambaye ndevu hazijamwota, kwa sababu ya kuzaliwa tu. Guru Nanak na waliomfuata walilipinga jambo hili tangu mwanzo. Wafuasi wake wa kwanza walikuwa wakiamkiana kwa kusema “Sat Kartar”, yaani “Muumba ni kweli”. Kadhalika waliagizwa kula pamoja chini sakafuni, katika mstari mmoja, tajiri na maskini.

Ndipo tufike mwaka 1699.

Katika siku ya sikukuu ya Vaisakhi, mwezi wa mavuno, Guru wa kumi aliwakusanya watu wengi sana mahali paitwapo Anandpur, chini ya milima. Wakati huo aliitwa Gobind Rai. Baba yake, Guru Tegh Bahadur, alikuwa amekatwa kichwa mjini Delhi mwaka 1675 kwa amri ya mfalme Aurangzeb, naye mwana alikuwa na umri wa miaka tisa tu alipokishika kiti chake. Siku hiyo, kama Wasikh wasimuliavyo, alisimama mbele ya watu na upanga mtupu mkononi akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake. Watu wakanyamaza. Wengine wakaanza kuondoka. Mwishoni mtu mmoja wa Lahore alisimama, akaingizwa hemani, na Guru akatoka peke yake, upanga ukidondoka damu, akaomba kichwa cha pili. Hivyo mpaka watano. Kisha wote watano wakatolewa nje wazima, wamevaa nguo mpya.

Tuwatazame hao watano walikuwa nani. Mmoja alikuwa wa jamaa ya wafanyabiashara, mmoja mkulima, mmoja mchota maji, mmoja mpiga chapa za nguo, na mmoja kinyozi. Tena walitoka pande za mbali mbali za nchi, si Punjab peke yake. Guru alitia maji katika bakuli la chuma, akatia sukari, akakoroga kwa upanga wenye makali mawili, akawanywesha wote kutoka chombo kimoja. Kwa desturi za wakati ule, kunywa chombo kimoja na kinyozi kulitosha kumtia mtu unajisi. Akawapa wote jina moja, Singh. Na wanawake walioingia katika jumuiya hiyo huitwa Kaur. Halafu akafanya neno ambalo kwa fikira zangu ndilo kubwa kuliko lile la upanga: alipiga magoti mbele ya watano wale wale akawaomba wamnyweshe yeye naye. Tangu hapo Gobind Rai akawa Gobind Singh, mwalimu aliyeingizwa na wanafunzi wake.

Na maneno aliyowafundisha kutamka ndiyo maamkio makubwa ya Wasikh: “Waheguru ji ka Khalsa, Waheguru ji ki Fateh.” Waheguru ni jina la Mungu, Mwalimu wa Ajabu. Basi tafsiri yake ni: “Khalsa ni wa Mungu, ushindi ni wa Mungu.” Mpaka leo mtu aingizwapo katika Khalsa, kila anapopewa yale maji huambiwa aseme maneno hayo, naye huyasema. Kwa hiyo kila watu wawili wanapoamkiana hivyo barabarani, wanarudia kiapo chao. Na ajibuye huyarudia yote, neno kwa neno, awe jaji wa mahakama au mfagiaji. Hapa hapana wa juu wala wa chini. Hata miguu haitazamwi. Watu hutazamana usoni.

Neno Khalsa linastahili kufunguliwa kidogo. Mzizi wake ni Kiarabu, nasi tunao katika neno “halisi”. Kwa hiyo wengi hulifasiri kuwa “walio safi”. Lakini katika serikali ya wafalme wa Mughal lilikuwa na maana nyingine tena: ardhi ya khalisa ilikuwa ile iliyo chini ya mfalme mwenyewe, isiyopitia mikononi mwa bwana mwingine yeyote. Hapo kale walimu wa Wasikh waliwaweka mawakala, walioitwa masand, wakusanye sadaka za watu katika kila upande. Mawakala hao waliharibika. Wakala sadaka, wakawaonea watu. Guru Gobind Singh aliwaondoa kabisa. Ndipo “Khalsa ni wa Mungu” likawa na maana ambayo kila mkulima aliielewa upesi: hapana mtu wa katikati baina yako na Mwenyewe.

Neno la pili, “fateh”, nalo ni Kiarabu, la jamaa moja na Fatiha isomwayo na Waislamu. Asili yake ni kufungua, na mji uliofunguliwa ni mji ulioshindwa. Mtu aweza kuuliza, ushindi gani? Maana miaka michache baada ya 1699 Guru alifukuzwa Anandpur, wanawe wawili wakubwa wakafa vitani huko Chamkaur, na wale wawili wadogo wakauawa Sirhind kwa kuwa hawakukubali kuiacha dini yao. Mtu aliyepoteza wana wote wanne aliketi akamwandikia Aurangzeb barua ndefu kwa Kiajemi, nayo yaitwa Zafarnama, yaani Barua ya Ushindi. Naye alikuwa mkimbizi! Alikufa mwaka 1708. Baadaye, kwa muda mrefu wa karne ile ya 18, Wasikh waliwindwa. Kichwa cha Msikh kililipiwa fedha, nao wakaishi misituni juu ya farasi zao. Katika dhiki hiyo walijitungia lugha yao ya majivuno. Dengu za kukaanga, ambazo pengine ndizo zilikuwa chakula pekee, waliziita lozi. Kitunguu kiliitwa fedha. Na Msikh mmoja, peke yake, mwenye njaa, akifika kambini alisema kwamba laki moja na robo wamefika.

Kwa hiyo mpaka leo ukimwuliza Msikh aliyeshika dini habari za hali yake, huenda akakujibu “chardi kala”, na hilo ni gumu kulifasiri kwa neno moja. Ni moyo unaopanda, usiokubali kushuka hata mambo yakiwa mabaya. Wakati mwingine atalisema akiwa mgonjwa kitandani.

Tukirudi kwa “Sat Sri Akal”, nayo ina upande wake wa vita. Mwisho wa sala zao mtu mmoja hupaza sauti akisema kwamba atakayetamka atabarikiwa, “Jo bole so nihal”, na mkutano mzima hujibu kwa sauti moja, “Sat Sri Akal!” Mwito huo ulisikika vitani tangu zamani, na kikosi cha askari wa Kisikh katika jeshi la India huutumia hata sasa. Kutoka katika mwito huo ndipo maneno yale yalipoingia katika maamkio ya kila siku. Ndiyo sababu baadhi ya Wasikh wenye kushika sana husema kwamba kuamkiana kwa “Sat Sri Akal” si desturi yenyewe hasa, na kwamba maamkio yaliyoamriwa ni yale ya “Fateh”. Wana hoja. Kitabu cha kanuni za mwenendo wa Wasikh, kilichokubaliwa na kamati kuu ya mahekalu yao huko Amritsar mwaka 1945, chasema wazi kwamba Wasikh wakikutana waamkiane kwa “Waheguru ji ka Khalsa, Waheguru ji ki Fateh”, wanaume kwa wanawake. Lakini watu ni watu. Amkio fupi ni jepesi ulimini, tena laweza kutumiwa hata na wasiokula kiapo, nalo limeenea. Hapa kwetu utasikia la kwanza madukani na la pili hekaluni.

Je, sisi tusio Wasikh twaweza kulisema? Twaweza. Zamani huko Punjab mtu alijulikana dini yake kwa salamu yake: Mwislamu alitoa salamu aleikum, Mhindu akasema namaste au akataja jina la Ram, Msikh akasema Sat Sri Akal; na mwenye adabu alimwamkia jirani kwa salamu ya huyo jirani. Ukisema “Sat Sri Akal” kwa mzee, ongeza “ji” mwisho, ambayo ni heshima tu, isiyo na tafsiri. Kutanisha viganja. Kama ni mwanamke usimkimbilie kumpa mkono. Ngoja autoe mwenyewe. Lile la “Fateh” liache kwa wenyewe, kwa maana lina kiapo ndani yake, isipokuwa umeamkiwa hivyo nawe ukapenda kujibu kwa heshima.

Mahali pazuri pa kujaribu ni Makindu, njiani baina ya Mombasa na Nairobi. Hekalu la pale lilijengwa mwaka 1926 na Wasikh waliokuwa wakifanya kazi ya reli, na kila msafiri, wa dini yoyote na kabila lolote, hupewa chakula bila kulipa senti. Vua viatu mlangoni, funika kichwa kwa kitambaa. Vitambaa vipo kwa wasio navyo. Utawaona wenyewe wakiingia ukumbini na kugusa sakafu kwa paji la uso mbele ya kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib. Hilo nalo ni amkio, na ndilo pekee ambalo Msikh hulitoa bila kungoja jibu, kwa maana tangu 1708 kitabu hicho ndicho Guru wao. Mgeni hatakiwi kusujudu. Kusimama kwa adabu kwatosha. Ukipewa kile chakula kitamu cha unga wa ngano, samli na sukari, kipokee kwa mikono miwili. Kisha nenda kwenye chumba cha chakula, ukae ulipoonyeshwa, usichague jirani. Ukiondoka sema tena “Sat Sri Akal ji”. Yule mzee agawaye chapati pengine ataongeza “Rab rakha”, yaani Mungu akulinde, na Kiswahili chake cha Ukambani kitakushinda.